Viini sitini na vinne, mlango mmoja

Seva ilifika Ijumaa mchana, ndani ya boksi lililobebwa na watu wanne hadi ghorofa ya pili, maana lifti ilikuwa imekufa tangu kabla ya Ramadhani. Bosi alitoka ofisini kwake, akalizunguka boksi mara mbili kama anayekagua mbuzi wa sikukuu, akauliza swali moja tu: "Viini vingapi?"

"Sitini na vinne, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi zake. Karatasi za zabuni zilisema vivyo hivyo: prosesa mbili, kila moja viini 32 (vipande vinavyoweza kupiga hesabu kwa wakati mmoja), kumbukumbu gigabaiti 256. Hakuna aliyeuliza jingine. Na kwa kuwa mahitaji yale niliyaandika mimi, lawama zote za mbele huko ni zangu.

Kazi yetu ilikuwa kuiga mafuriko ya Bonde la Msimbazi. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa Jangwani inavyokuwa masika yakikolea. Programu iligawa bonde katika miraba ya mita 30 kwa 30, na kwa kila hatua ya muda kila mraba uliwauliza jirani zake wanne kina cha maji, ukapiga hesabu fupi, ukaandika jibu. Kwenye laptopu yangu ya viini vinne, mvua ya siku moja ilichukua saa 6 na nusu. Nikapiga hesabu ya dukani: 64 ni mara 16 ya nne, kwa hiyo dakika 25 hivi. Nikamwahidi bosi nusu saa, ili nibaki na akiba.

Jumatatu niliendesha kwa nyuzi 64, yaani kazi imegawanywa mafungu 64, kila kiini na lake. Ilichukua saa 3 na dakika 40.

Nilidhani nimekosea amri. Nikafungua skrini ya kuangalia mzigo: viini vyote vilikuwa asilimia 100, mistari 64 ya kijani imejaa hadi ukingoni. Bosi alipita nyuma yangu, akaiona, akasema, "Naona vyote vinachapa kazi, safi sana." Mimi pia niliamini hivyo. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba asilimia ile haisemi kiini kinafanya kazi. Inasema kiini kimeshikwa. Kiini kinachosubiri namba itoke kwenye kumbukumbu huhesabiwa kuwa kimo kazini sawasawa na kile kinachozidisha na kugawanya. Ni kama kondakta aliyekaa foleni ya Ubungo: ukimpigia simu atakuambia yuko barabarani, na hasemi uongo.

Siku iliyofuata, kwa hasira zaidi kuliko akili, nikapunguza nyuzi hadi 16. Saa 3 kamili. Nilikuwa nimewapumzisha viini 48, na kazi imeharakika.

Nimekulia Tanga, katika nyumba ambayo shangazi yangu alikuwa akiitwa kila penye harusi kwenda kusimamia jiko. Tuna methali za pande zote mbili kuhusu jambo hili. Wanaosema kidole kimoja hakivunji chawa hawajakosea, na wanaosema manahodha wengi chombo huenda mrama hawajakosea pia. Lakini zote mbili zinahesabu watu. Shangazi hakuwa akihesabu watu. Akifika penye shughuli, jambo la kwanza alikwenda kuangalia bomba liko wapi, kuna ndoo ngapi, na njia ya kutoka bombani hadi mafigani inapita watu wangapi kwa wakati mmoja. Wanawake wa kumenya vitunguu walikuwa hawakosekani. Mtaa mzima ungekuja. Kilichowakwamisha ni maji, na mlango mwembamba wa uani. Nilikuwa na miaka kumi na kitu, nikibeba ndoo, na sikujua kwamba ninafundishwa usanifu wa kompyuta.

Chuoni tulifundishwa kuhesabu hesabu: mara ngapi unajumlisha, mara ngapi unazidisha, na algoriti yenye hesabu chache ndiyo bora. Mazoea hayo yana asili ya haki kabisa, kwa sababu kulikuwa na zama ambapo kuzidisha namba zenye desimali kulikuwa kazi nzito kwa mashine, na kuisoma namba kutoka kwenye kumbukumbu kulikuwa rahisi ukilinganisha. Mambo yamegeuka. Leo kuifuata namba kwenye kumbukumbu kuu huchukua karibu nanosekunde 100. Kiini cha gigahezi 3, ndani ya muda huo, kimepigiwa mapigo 300 ya saa yake, na katika kila pigo kingeweza kufanya hesabu kadhaa. Kuhesabu kumekuwa bei ya karanga. Nauli ya kuisafirisha namba ndiyo ghali. Na viini vyote vya prosesa moja hutoka na kuingia kupitia njia zilezile chache za kumbukumbu.

Nilikuja kuuthibitisha ukweli huo kwa namna iliyoniudhi. Katika programu nilikuwa na jedwali kubwa la thamani za msuguano wa ardhi kwa kila mraba, nimezikokotoa mapema na kuzihifadhi ili nisirudie hesabu. Nilijivunia jedwali lile. Nilipolifuta, nikaacha kila mraba ukokotoe thamani yake upya katika kila hatua, programu ikaenda kasi zaidi. Kazi imeongezeka, muda umepungua. Mwalimu wangu wa mwaka wa pili angenipa sifuri.

Aliyefumbua fumbo kubwa lakini hakuwa mimi. Tulikuwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo, wa diploma, ambaye bosi alimtuma afute vumbi ndani ya seva. Akaniita. "Kaka, samahani. Haya matundu mengine mbona matupu?"

Kila prosesa ilikuwa na njia nane za kumbukumbu, na kila njia ina tundu lake. Jumla matundu 16. Yaliyojaa yalikuwa manne. Aliyetuuzia alitimiza karatasi neno kwa neno: tuliandika gigabaiti 256, akaweka vijiti vinne vya gigabaiti 64. Hakutuibia hata shilingi. Ila kila prosesa ilikuwa inatumia njia mbili kati ya nane, maana yake robo ya upana wa barabara iliyojengewa. Viini 32 vilikuwa vinagombania milango miwili huku sita imefungwa kwa kufuli.

Nikaenda kwa bosi kuomba tubadilishe: vijiti vinne vya 64 tuvirudishe, tuchukue kumi na sita vya 16.

"Itakuwa gigabaiti ngapi?"

"Mia mbili hamsini na sita, mzee."

"Na sasa hivi ni ngapi?"

"Mia mbili hamsini na sita."

Alinitazama kwa muda. Simlaumu. Nilimweleza habari ya bomba na ndoo na mlango wa uani, akacheka, akasema atasaini lakini nisije nikamwandikia mkaguzi habari za harusi. Vijiti vikabadilishwa. Nyuzi 64, saa 1 na dakika 50. Nusu ya muda ule wa mwanzo, na kwenye karatasi hakuna herufi iliyobadilika.

Hapo ningetosheka, ila nilikuwa nimeshaonja. Mbona bado haikaribii dakika 25? Jibu la pili lilikuwa la aibu zaidi kwa sababu lilikuwa kwenye msimbo wangu mwenyewe, mstari mmoja. Mashine yenye prosesa mbili, ukiitazama kwa nje, ina kumbukumbu moja. Kwa ndani zipo mbili, kila prosesa na ya kwake, na kwenda kuchota ya mwenzako ni safari ndefu zaidi kupitia daraja linalounganisha prosesa hizo mbili. Mfumo endeshi wa Linux, kwa kawaida yake, haugawi kumbukumbu pale unapoiomba. Huigawa pale inapoguswa mara ya kwanza, na huiweka karibu na kiini kilichogusa. Mimi mwanzoni mwa programu nilikuwa na kitanzi kidogo, amri ya kujirudia, cha kuweka sifuri kwenye miraba yote, na kilikuwa kikiendeshwa na uzi mmoja, kwani kuweka sifuri ni kazi gani? Uzi mmoja ukagusa bonde zima. Bonde zima likahamia kwenye prosesa ya kwanza. Prosesa ya pili, na viini vyake 32, ikawa mpangaji wa kuchota maji kwa jirani muda wote.

Nikaongeza mstari mmoja wa OpenMP, zana ya kugawia nyuzi kazi, ili kila uzi uweke sifuri kwenye kipande ambacho baadaye utakishughulikia wenyewe. Dakika 58. Ukiniuliza mstari wa msimbo ulionilipa kuliko yote maishani, ni huo, na haufanyi hesabu yoyote.

Kisha likaja suala la sinia. Kila uzi ulikuwa na kihesabu chake cha ujazo wa maji yaliyopita, namba moja ya baiti 8, na vihesabu vyote nilivipanga safu moja kwa unadhifu. Hakuna uzi uliogusa cha mwenzake, kwa hiyo niliamini hakuna ugomvi. Tatizo ni kwamba kiini hakichukui namba moja moja. Huchukua fungu la baiti 64 kwa mpigo na kuliweka kwenye kashe yake, kumbukumbu ndogo iliyo karibu naye. Baiti 64 ni vihesabu vinane. Fikiria wamenyaji wanane, kila mmoja na bakuli lake la chumvi, ila mabakuli yote manane yako juu ya sinia moja, na sheria ya nyumba ni kwamba anayetaka kuongeza au kupunguza kitu kwenye bakuli lake lazima sinia lote liletwe mkekani kwake. Hakuna anayegusa chumvi ya mwenzake, na sinia halitulii hata sekunde. Dawa yake ni ubadhirifu: acha nafasi tupu baiti 56 baada ya kila kihesabu, ili kila mtu awe na sinia lake. Nilipofanya hivyo tukafika dakika 44. Kijana wa diploma aliandika kwenye daftari lake, "kupoteza nafasi ili kuokoa muda," akapigia mstari.

Vihesabu hivyohivyo vilituletea fitina nyingine. Jumla ya maji kwa nyuzi 16 na kwa nyuzi 64 haikulingana. Tofauti ilikuwa mbali sana nyuma ya desimali, isiyojaza hata kikombe, lakini mshauri mmoja kutoka nje ya ofisi alipoziona namba mbili alikataa kusaini. Kompyuta haikosei, alisema, basi mojawapo ni mbovu. Zote zilikuwa sawa. Kompyuta hushika tarakimu chache tu za kila namba, takribani 16 kwa namba za kawaida za baiti 8, na mabaki huyakata. Chukua moja yenye sifuri 16, ongeza moja, kisha toa ile moja yenye sifuri 16: utapata sifuri. Badili mpangilio, toa kwanza ndipo uongeze moja: utapata moja. Jumla iliyogawanywa kwa watu 64 haipiti njia ileile na ya watu 16. Darasa la tatu tuliapishwa kwamba mpangilio wa kujumlisha haubadili jibu, na yule bwana alikuwa mwaminifu kwa kiapo. Tulimaliza kwa kujumlisha vipande kwa mpangilio usiobadilika hata nyuzi ziwe ngapi. Iligharimu muda kidogo, ikaleta amani.

Sasa, dakika 44. Nikapima kila sehemu, nikakuta dakika 13 ni za kuandika ramani kwenye diski, kazi ya uzi mmoja huku wengine 63 wamekunja mikono. Dakika hizo zilikuwepo tangu enzi za laptopu, zimejificha ndani ya 390, na nani angezitilia maanani? Ndani ya 44 zimekuwa karibu theluthi. Hii ndiyo hoja maarufu ya Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, ya mwaka 1967: sehemu isiyogawanyika huweka dari. Ikiwa sehemu ya kumi ya kazi haigawanyiki, viini 64 vitakupa kasi ya chini kidogo ya mara 9, na hata ukileta milioni hutavuka mara 10. Tulifundishwa hoja hiyo kama hukumu ya kifo ya kompyuta sambamba, zile zinazogawa kazi moja kwa prosesa nyingi. Shaka hiyo ilikuwa hewani kwa miaka mingi. Seymour Cray, fundi wa superkompyuta zilizotikisa dunia, kama Cray-1 ya mwaka 1976, husimuliwa kwamba alipenda kuuliza kama ungependa kulima shamba kwa maksai wawili wenye nguvu au kwa kuku 1,024.

Nilipanga uzi mmoja uandike huku wengine wakiendelea na hatua inayofuata. Dakika 31. Miezi minne baada ya kuahidi nusu saa.

Nikapeleka habari kwa dada yetu mtaalamu wa maji, ambaye ndiye mwenye hesabu zile, nikitegemea pongezi. Akasema, "Asante mdogo wangu, lakini mimi nusu saa ya nini? Mafuriko yamepita tayari. Nataka mita 5."

Kutoka mita 30 hadi mita 5 ni mara 6 kwa urefu na mara 6 kwa upana, miraba mara 36. Na mraba ukiwa mdogo, hatua ya muda nayo lazima ifupishwe mara 6, la sivyo maji kwenye programu yanaruka miraba na hesabu inalipuka. Jumla mara 216. Mara ya kwanza niliona giza. Kisha nikafikiria dakika zangu 13. Ramani ni kubwa mara 36, kwa hiyo kuandika kumekua mara 36. Hesabu zimekua mara 216. Sehemu ile isiyogawanyika, iliyonitesa, imepungua uzito mara sita bila mimi kuigusa. Dari lilipanda lenyewe kwa sababu swali limekuwa kubwa.

Hili nalo lina historia yake tamu. Mwaka 1985 mtaalamu wa kompyuta Alan Karp aliweka dau la dola 100 kwa yeyote atakayeonyesha, kwa kazi halisi, kompyuta sambamba inayoharakisha mara 200. Kwa wengi lilionekana dau lisilo na mlaji. Mwaka 1988 John Gustafson na wenzake wawili wa maabara ya Sandia, Marekani, walilichukua kwa mashine ya prosesa 1,024. Kuku 1,024! Kwa kazi isiyobadilika ukubwa walipita mara 500, na kwa kazi iliyokua pamoja na mashine walivuka mara 1,000. Gustafson hakumkanusha Amdahl. Hesabu ya Amdahl ni sahihi hadi leo. Alichotilia shaka ni dhana iliyokaa kimya chini yake, kwamba mtu akipata mashine kubwa atarudi na swali lake lilelile dogo. Dada yetu wa maji hajasikia jina la Gustafson, na alimaliza mjadala kwa sentensi moja.

Bonde zima kwa mita 5 lingechukua zaidi ya siku nne na nusu, na umeme wetu hautoi ahadi za namna hiyo. Tulikata eneo, tukabaki na sehemu ya chini kuelekea Daraja la Selander. Nilijaribu pia kuunganisha kompyuta nane kuukuu za stoo kwa swichi na nyaya, kwa mfano wa klasta ya Beowulf, kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja, ambayo Thomas Sterling na Donald Becker waliijenga kwa kompyuta za kawaida huko NASA mwaka 1994. Zilifanya vizuri kwa kazi moja: kuendesha mvua nane tofauti, kila mashine na yake, bila kusemezana. Nilipozitaka zigawane bonde moja na kupeana habari za mipaka kila hatua, nane zilikuwa polepole kuliko moja. Ujumbe kupitia nyaya zile ulihesabika kwa mikrosekunde, mamia ya mara ya safari ya kwenda kwenye kumbukumbu. Mtambo mzima nimeuacha stoo, na feni moja inapiga kelele hadi leo kwa sababu kijana hakuichomoa.

Mwaka huu bosi amepata fungu la mashine nyingine. Aliniita, akasema kuna ya viini 128, bei inavutia, niandike mahitaji. Nikampigia muuzaji wa Kariakoo. Akaanza kunisomea: viini, gigahezi, gigabaiti. Nikamsubiri amalize.

"Kaka, hiyo kumbukumbu imekaa kwenye njia ngapi? Na vijiti viko vingapi?"

Kimya. Nikasikia pikipiki inapita upande wake.

"Vijiti vingapi," akarudia. "Hilo hajawahi kuniuliza mtu. Usikate, ngoja nifungue boksi."